Yowe Nililopiga

Mtaani kwetu hakuna king'ora. Kuna yowe. Mtu akisikia nyayo uani usiku, au akikuta kufuli limekatwa, anasimama mlangoni na kupiga yowe, na kila mwenye nguvu anayelisikia anapaswa kutoka. Anayebaki kitandani ataulizwa kesho yake alikuwa wapi. Jibu la kwamba alikuwa usingizini halikubaliki, kwa kuwa usiku wa Sumbawanga ni wa kimya na sauti husafiri mbali. Mimi nilikulia kijijini, upande wa Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa, na huko pia ilikuwa hivyo: moto, fisi, mwizi, msiba, vyote vilitangazwa kwa yowe, na watu walijua kulitofautisha moja na jingine.

Nimeombwa niandike jinsi imani inavyotusaidia katika usalama wa mitaa yetu. Nilipokubali nilidhani nitaandika jinsi Mungu alivyotulinda sisi wajane na watoto wetu. Lakini kila nilipokaa kuandika lilinijia jambo moja tu, nalo ni la aibu kwangu. Basi nimeliandika hilo. Sitautaja mtaa, wala sitamtaja mtu kwa jina, kwa sababu wote bado tunaishi pamoja, na wengi wetu tunasali kanisa moja.

Nilihamia mtaa huu na marehemu mume wangu mwaka 1994. Wakati ule nyumba zilikuwa chache, na kati ya nyumba na nyumba palikuwa na mashamba ya mahindi na maharage. Tuliacha nguo kwenye kamba usiku kucha. Sasa nyumba zimebanana, barabara ya lami imetuunganisha na Tunduma, na watu wamekuja kutoka kila upande. Wapo wanaosema wizi umeletwa na wageni. Mimi sisemi hivyo, na msomaji ataona kwa nini.

Kwetu wizi una msimu wake, kama kilimo. Rukwa ni moja ya ile mikoa minne tuliyozoea kuiita kapu la taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kuanzia mwezi wa tano mahindi yanaingia majumbani. Anayeuza ana fedha chini ya godoro, na asiyeuza ana magunia chumbani. Kisha unaingia mwezi wa sita na wa saba, baridi ya uwanda huu uliopanda zaidi ya mita 1,700 inakuwa kali, upepo unavuma, na watu wanajifunika blanketi mbili na kulala mapema. Mwizi naye anajua kalenda hiyo.

Mwaka ninaousimulia, mambo yalianza na kuku. Hakuna aliyejali sana. Ikafuata paneli ya sola juu ya bati la mwalimu mstaafu, kisha mbwa wawili wakakutwa wamekufa asubuhi moja, na wote tukaelewa maana yake. Halafu ikaibwa pikipiki ya kijana wa bodaboda aliyekuwa nayo kwa mkataba. Wasiojua mkataba ni nini, ni hivi: pikipiki ni ya tajiri, kijana anapeleka hesabu kila wiki, na baada ya mwaka mmoja na zaidi inakuwa yake. Huyu alikuwa amebakiza wiki chache. Ikiibwa, deni linabaki. Nilimwona akiwa amekaa kwenye ngazi ya duka, hakulia, alikuwa anaangalia mikono yake tu. Mimi nafikiri siku ile ndiyo mtaa wetu ulibadilika. Kabla ya hapo tulikuwa na hofu. Baada ya hapo tulikuwa na hasira, na hasira ilitufanya tujione majasiri.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Ulinzi shirikishi ulikuwepo kwa jina, lakini michango ilikuwa imekufa. Ilikubaliwa kila nyumba itoe shilingi elfu moja kwa wiki ili walipwe walinzi wawili. Baba mmoja, Mkristo mzuri tu, alisimama akasema Zaburi ya 127 inafundisha kwamba bila Mungu kukesha kwa mlinzi ni kazi bure, kwa hiyo yeye hatatoa, atasali. Watu walicheka. Lakini hata mimi sikutoa. Mlinzi mmoja alikuwa mzee anayependa pombe ya ulezi, nikasema siwezi kumlipa mtu alewe halafu alale.

Katika mkutano huohuo mtu mmoja alisema tunachelewa bure, waitwe lambalamba waje wamfichue mwizi. Wazee wetu waliwaita watu wa namna hii kamchape. Mtafiti mmoja wa Kiingereza, Roy Willis, aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliandika habari zao, kwa hiyo si jambo la jana. Wanakuja na dawa zao, wanazunguka nyumba kwa nyumba, wanachimba vitu walivyovizika wenyewe usiku, na mwisho wanamnyooshea mtu kidole. Na kidole hicho karibu kila mara humwangukia mwanamke mzee asiye na watoto karibu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mtaani kwetu tulikuwa na mmoja wa namna hiyo, na kila mtu pale mkutanoni alikuwa anamfikiria, ila hakuna aliyemtaja. Jina la mji wetu, kama mnavyojua, kwa Kifipa lina maana ya kutupa uchawi. Watu wa mbali hulicheka jina hilo. Mimi huliona ni agizo ambalo bado hatujalimaliza.

Mwenyekiti alikataa. Alisema Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, kwamba kumtangaza mtu kuwa ni mchawi ni kosa, na atakayemleta mganga atamtaja yeye mwenyewe polisi. Nilimshukuru moyoni. Mdomoni sikusema neno. Nakumbuka hilo kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza ya kunyamaza kwangu mwaka ule.

Sasa nifike usiku wenyewe. Ilikuwa kama saa nane. Nilisikia chuma kikigongana na chuma upande wa stoo, na stoo yangu ilikuwa na magunia kumi na moja, ndiyo ada ya mwanangu wa mwisho na chakula cha mwaka. Nilichungulia dirishani nikaona kivuli kimeinama mlangoni. Nilitetemeka mwili mzima. Nikafungua mlango wa mbele, nikapiga yowe: mwizi, mwizi, mwizi! Sikujua kama nina sauti kubwa namna ile.

Walikuja haraka kuliko nilivyotegemea, ishirini, thelathini, na marungu na mawe, wengine wamejifunga blanketi mabegani. Alikimbia akaangukia kwenye mtaro. Waliomfikia kwanza walianza kumpiga gizani, naye alikuwa anaomba kwa Kifipa. Kisha mtu akamwasha tochi usoni.

Nilimjua. Alikuwa mtoto wa mama mmoja wa jumuiya yetu. Alizaliwa mtaa huuhuu, na siku ya kipaimara chake nilimkopesha mama yake viti. Gunia alilokuja nalo lilikuwa tupu. Alikuwa amekata kufuli tu, hakuwa amechukua hata punje.

Na aliniona. Macho yetu yalikutana kwenye mwanga wa ile tochi, akaniita mama. Nilitakiwa kusema maneno mawili, "huyu namfahamu", au hata "inatosha". Wangenisikia, kwa kuwa stoo ilikuwa yangu na yowe lilikuwa langu. Sikusema. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Si kwamba nilitaka afe. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu, lakini zaidi ya yote niliogopa watu wale niliowaita mimi mwenyewe. Niliogopa wasije wakauliza, kama unamfahamu, unamtetea kwa nini?

Tairi lililetwa. Kijana mmoja alikwenda kutafuta petroli kwenye pikipiki. Wakati anahangaika na mpira wa tangi, yule mzee mlinzi, yule niliyemnyima elfu moja, aliingia katikati ya watu. Alinuka pombe, sisemi uongo. Akamlalia yule kijana kwa mwili wake wote, akasema, "Nipigeni mimi kwanza." Alipigwa kweli, mara mbili au tatu, mpaka watu wakatambua ni nani. Mwenyekiti akafika akiwa na kaptula na koti, akawa anapiga simu polisi huku akipaza sauti ili kila mtu asikie kwamba anawapigia. Gari lilipokuja, umati ulikuwa umeyeyuka. Tulibaki watu sita.

Polisi waliniuliza nani alimpiga. Nikasema kulikuwa giza.

Kijana alipelekwa hospitali na fomu ya PF3. Mguu ulivunjika sehemu mbili, na jicho la kushoto haliendi sawasawa mpaka leo. Mtaani watu walisema Mungu ni mwema, mwizi amepatikana. Kwenye jumuiya wiki ile mtu alitoa nia ya shukrani kwa ajili yangu, kwamba Bwana amelinda mali ya mjane. Tuliitikia. Nafasi ya mama wa yule kijana ilikuwa wazi, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Sisi ambao huuliza hata mtu akikosa kwa mafua!

Ndugu zangu, hizi jumuiya ndogondogo Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizifanya nguzo ya uchungaji mwaka 1976 kwa sababu walitaka Kanisa liwe la majirani, watu wanaojuana milango. Tunajuana milango kweli. Nilijua mlango wa yule mama, na kwa wiki tatu nilipita njia nyingine kwenda gengeni kwangu ili nisiuone.

Wiki ya nne nilikwenda kuungama. Nilieleza yote, na yale ya polisi pia. Nilitegemea padri aniambie kwamba kupiga yowe ilikuwa haki yangu, na kweli aliniambia hivyo. Kisha akauliza, "Na baada ya tochi?" Nikakaa kimya. Akaniagiza vitu viwili: niende kwa yule mama, na kabla ya kwenda nisome Kutoka sura ya 22, mwanzo wake.

Nilisoma usiku ule. Ni sheria ya Musa kuhusu wizi, mambo ya ng'ombe na kondoo, na mimi nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kusimama. Inasema kwamba mwizi akikutwa anavunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Nikafurahi kidogo. Lakini inaendelea: kama jua limekwisha kumchomozea, basi hatia ya damu ipo. Na mwizi ni lazima alipe, na asipokuwa na kitu atauzwa kwa ajili ya wizi wake. Nilisoma mara tatu nne. Sheria ile haimwonei mwizi huruma nyingi, lakini inataka awe hai ili alipe. Na inatenganisha giza na mwanga. Gizani hujui ni nani wala ana silaha gani, unajitetea. Jua likitoka unamwona uso, unajua ni mtoto wa nani, na kuanzia hapo damu yake ina mwenyewe.

Kwangu jua lilitoka saa nane usiku, kwa tochi ya betri mbili. Na mimi niliwaambia polisi kulikuwa giza.

Nilikwenda kwa yule mama siku ya Jumamosi asubuhi na kilo mbili za sukari, kama mtu anayekwenda msibani. Alikuwa anapepeta maharage. Hakunikaribisha kiti. Nilisimama.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini? Mwanangu ndiye mwizi."

"Nilimtambua. Nilinyamaza."

Aliendelea kupepeta. Baadaye akasema, "Aliniambia. Alisema, mama, alinitazama." Ungo ukasimama. "Kila nikifumba macho nakuona wewe. Wale wengine siwaoni."

Sikuwa na la kujibu, na nashukuru Mungu kwamba sikujaribu. Tulikaa hivyo muda mrefu. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea, na amenipa ruhusa kuliandika. Alisema kwamba mwezi wa tano kijana alileta debe tatu za mahindi, akasema amelipwa kibarua cha kufyatua matofali. Alijua si kweli. Hakuna anayelipa hivyo. Alisaga, akapika, wakala na wadogo zake. "Nami nilinyamaza," alisema. Akaivuta stuli kwa mguu, nikakaa.

Sijui kama siku ile alinisamehe. Hakusema, nami sijamuuliza. Alirudi jumuiya baada ya mwezi mmoja, na alipoingia watu walisogea kumpa nafasi, wakiangalia chini.

Kesi ilikwenda mahakamani. Nilisema ukweli kwamba alikata kufuli langu, na nilisema pia kwamba alipigwa akiwa hana kitu mkononi, akiwa amekwisha kuanguka. Alifungwa miezi kadhaa. Wako walioniona nimekuwa mpole kupita kiasi, na wako walioona ningeifuta kesi kabisa. Mimi naona ilikuwa sawa. Mwizi ajibu kwa sheria. Katiba yetu, ibara ya 13 na ya 14, inampa hata yeye haki ya kusikilizwa kabla ya kuhesabiwa mkosaji, na haki ya kuishi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa ripoti zake, na mauaji ya wanaoitwa wananchi wenye hasira kali hujirudia humo. Nikisikia habari hizo redioni zamani nilikuwa nafikiri hao wananchi ni watu fulani wa mbali. Ni sisi. Ni watu wenye blanketi mabegani ambao asubuhi watafungua duka na kupeleka watoto shule. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita nchi yetu mwaka 1880, aliwaandika Wafipa kuwa watu wapole na wakulima, na mwalimu wetu mstaafu hupenda sana kutukumbusha hilo. Usiku ule naye alikuwepo.

Tulifanya mkutano mwingine. Safari hii nilisema, sauti ikitetemeka. Tulikubaliana kwamba yowe libaki, maana bila yowe mjane hana ulinzi. Lakini anayefika wa kwanza amulike uso na kuuliza jina kwa sauti, na afungwe kamba, na simu ya 112 ipigwe mbele ya wote. Wanawake pia watoke, wasiwaache wanaume peke yao na hasira zao. Baba mmoja aliuliza, "Je, akiwa na panga?" Ni swali la haki, na sikutaka kumjibu kwa mistari ya Biblia. Mtu mwenye panga anakabiliwa kama mtu mwenye panga, hakuna anayemwambia mtu akubali kukatwa. Swali langu ni la yule aliyekwisha kuanguka mtaroni. Wengine hawakukubaliana nami na hawajakubali mpaka leo.

Nalipa elfu moja kila wiki. Jumuiya yetu inamlipia yule bibi mzee wa macho mekundu na wajane wengine wawili. Mlinzi bado anakunywa. Wizi haukuisha: mwezi uliopita kuku wangu wanne wameondoka, na kijana wa bodaboda alimaliza deni la pikipiki asiyonayo kwa kubeba mizigo sokoni.

Yule kijana alirudi. Anachechemea, anasaidia fundi baiskeli karibu na stendi. Tukikutana ananiambia, "Shikamoo, mama," nami naitika marahaba, na kila mara ni mimi ninayeangalia pembeni kwanza.

Limebaki moja. Watu waliompiga baada ya tochi niliwaona, na wawili kati yao nakaa nao kanisani. Polisi hawakurudi kuuliza, na mimi sikurudi kusema. Padri aliponiuliza juu ya uongo ule, aliniambia nianze na wao wenyewe, uso kwa uso, kama nilivyokwenda kwa yule mama. Nimekuwa nikiahirisha. Jumapili iliyopita, wakati wa kutakiana amani, mmoja wao aligeuka kutoka benchi la mbele akanipa mkono, akitabasamu. Nilimpa wangu. Ana shamba upande wa Mbizi, na wiki hii wanapukuchua mahindi huko. Akirudi nitakwenda kwake.